Jogoo Aliyevuliwa Suruali

Watu wenye akili zao timamu hufuga kuku wa mayai. Wenye akili na subira hufuga wa kienyeji. Mimi, ambaye marehemu baba alisema nimesomeshwa bure, nafuga Kochini.

Kwa asiyemjua, na hapa Handeni sijampata anayemjua, Kochini ni kuku mnene wa duara mwenye manyoya kupita kiasi, mpaka kwenye vidole vya miguu. Akisimama utadhani amevaa suruali ya bugaluu. Haruki, kwa sababu hawezi. Hakimbii, kwa sababu haoni haja. Mayai anataga akijisikia, na akishataga machache anaona kazi imetosha, anakaa kuatamia. Ataatamia yake, ataatamia ya bata wa jirani, na nina mtetea mmoja aliyeatamia kitunguu kwa bidii ambayo sijaiona kwa binadamu wengi. Nilipomnyang'anya kile kitunguu nikakikaangia maharage, alininunia siku nzima.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda changu cha kushonea hapa mjini, na banda la kuku liko nyuma yake, uani kwangu. Wateja wakija kuchukua nguo hupita kuwaangalia, na mazungumzo huwa yale yale.

"Wanataga sana hawa?"

"Hapana."

"Basi nyama yao tamu."

"Sijawahi kuionja."

"Sasa wana kazi gani?"

"Wanapendeza."

Hapo mteja huniangalia kwa huruma, kama mtu anayejiuliza iwapo nina ndugu wa karibu wa kupigiwa simu. Halafu anakagua pindo la gauni lake kwa makini kuliko kawaida, ili ajiridhishe kwamba wazimu haujafika mikononi.

Na jina nalo ni mtihani. Ukisema Kochini, kila mtu husikia Kuchi. Kuchi tunamjua wote: jogoo mrefu, shingo nje, kifua mbele, macho ya mtu anayetafuta ugomvi. Wanaume huwapenda kuchi wao kuliko wanavyowapenda wakwe zao. Mzee mmoja alikuja kutoka kijijini kwa pikipiki, kuchi wake kwenye tenga, kwa sababu alisikia mjini kuna mama mwenye kuchi wa ajabu. Alimtazama jogoo wangu kwa muda mrefu, akamzunguka, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, huyu kuchi alianza lini kuvimba?" Nilimpa maji ya kunywa, naye akanishauri nimchanganyie jogoo mwarobaini.

Jogoo mwenyewe alikuwa mmoja tu. Naomba hilo lishikwe, maana ndilo lililonitoa jasho baadaye. Mayai ya kuanzia nililetewa kwa basi na mfugaji wa mbali niliyejuana naye kwenye kundi la simu. Nikampa kuku wa kienyeji akayaatamia, wakatoka mitetea kadhaa na jogoo huyu mmoja, rangi ya chapati iliyoiva vizuri. Vifaranga waliofuata walikumbwa na ugonjwa wa kideri, hakikubaki hata kijogoo kimoja. Yule mfugaji wa mbali naye aliachana na kuku, sasa anauza mitungi ya gesi, na kila nikimuuliza habari za mayai ananijibu kwa picha ya mtungi. Kwa hiyo jogoo huyu akiondoka, ndiyo mwisho. Mitetea yangu ingebaki kuatamia vitunguu mpaka kiama.

Basi nilimtunza. Handeni maji si kitu cha kuchezea. Watu hufuata foleni na madumu yao, na ukimwaga maji ovyo utaulizwa wewe ni mtoto wa nani. Mimi nilikuwa namwogesha jogoo. Kwenye karai, maji ya uvuguvugu, sabuni ya watoto wachanga. Maji yaliyobaki niliyamwagia mchicha, lakini hilo hakuna aliyelitangaza. Kilichotangazwa ni kwamba fundi anaogesha kuku. Siku moja ya mawingu niliona hatakauka mapema, nikampeleka saluni ya jirani apigwe draya. Wanawake wawili waliokuwa wamesukwa nusu kichwa walihama viti. Jogoo alifumba macho akatulia kwenye joto lile. Mji mzima ulikuwa na mteja mmoja tu aliyejua thamani ya huduma, naye alikuwa na mdomo mgumu na kucha.

Ndipo niliposikia kuwa Korogwe kutakuwa na maonyesho ya wafugaji. Nilitaka kitu kidogo sana: mtu mmoja mwenye ujuzi amtazame jogoo wangu, amjue, alitamke jina lake sawasawa. Zawadi sikuitaka. Nasema hivyo sasa. Wakati ule nilikuwa nimeshapangusa sehemu ya ukutani ya kutundikia cheti.

Lakini Korogwe kwangu maana yake ni Kwamndolwa, na Kwamndolwa maana yake ni mama yangu.

Mama alizaliwa kwenye kambi ya mkonge, upande wa Mnyuzi, kwa wazazi waliokuja kukata mkonge na wakasahau kurudi. Zamani, anasema, watoto wa kambini walijulikana kwa miguu. Ungeweza kuvaa gauni la kuazima, ungeweza kupaka mafuta mpaka uso ung'ae, lakini miguu ingekusema: vumbi, nyufa, makovu ya miiba ya mkonge. Alipoolewa na baba, Mzigua mwenye shamba lake na ukoo wake, aliapa hakuna mtu atakayemtazama miguu tena. Mpaka leo ana jiwe lake la kusugulia, na hatoki kwenda hata dukani kabla hajasugua. Sisi wanawe tulisuguliwa kama masufuria. Sheria nyingine zote za nyumba yetu zilitokana na hiyo, na zilikuwa na hakimu mmoja, anaitwa Watu. Watu watasema nini. Watu wameona. Watu wakijua. Mimi nilipoachika alilia wiki nzima, na nilipojaribu kumbembeleza niligundua alikuwa analilia majirani.

Kwa hiyo nilipoingia uani kwake na tenga, siku moja kabla ya maonyesho, nilijua nini kinanisubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndilo hilo dude lako?"

"Ndiye jogoo, mama."

Akafunua kanga niliyofunikia tenga. Akaanza kumtazama kuanzia juu: upanga mwekundu wa kichwani, sawa, kifua, sawa. Alipofika chini akaguna.

"Hayo nini miguuni?"

"Manyoya."

"Ya nini?"

"Ndivyo alivyoumbwa."

"Na kesho unampeleka mbele za watu hivyo hivyo?"

Nikamwambia ndiyo, hayo ndiyo hasa watu watakayokwenda kuyaangalia. Akanyamaza. Ningekuwa na akili za kuku ningeogopa ule unyamavu, lakini nilikuwa na haraka ya kwenda kuandikisha, nikamwachia tenga uani, nikaacha na mkoba wangu wa kazi juu ya kiti.

Kwenye uandikishaji nilimkuta kijana mmoja mwenye fulana mpya ya maonyesho, bado ina mikunjo ya dukani.

"Aina ya kuku, mama?"

"Kochini."

"Kuchi."

"Ko-chi-ni."

"Ndiyo mama, Kuchi. Dume au jike?"

Nilimtamkia tena kama ninavyomtamkia mteja anayetaka nguo ya Idi siku ya Idi yenyewe. Akaniangalia kwa subira, akaandika Kuchi, akaongeza dume, akaniambia nisihofu, kuchi mwaka huu ni wachache. Nikaondoka nikijipa moyo kwamba majaji wana macho. Wakiona ile miguu, hakuna atakayethubutu kumwita kuchi.

Nilirudi nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda, uso umetulia kama mtu aliyemaliza kufua. Jogoo alikuwa amesimama katikati ya uwanja uliofagiliwa. Kwanza sikuelewa ninachokiona. Kilikuwa kiwiliwili cha jogoo wangu juu ya miguu ya kuku mwingine. Ya njano, mitupu, imepakwa mafuta ya nazi, inang'aa. Suruali yote imekwenda. Na juu ya kigoda cha pili ulilala mkasi wangu wa kazi, ule wa kukatia vitambaa, ambao hata karatasi haujawahi kukata.

"Mama. Umefanya nini?"

"Nimemnyoa. Nimemsugua na miguu, alikuwa na magamba magumu. Mtulivu, mtoto wa watu, hakunisumbua hata kidogo." Kisha, kwa sauti ambayo huwa anaitumia kwa wajukuu tu, "Sasa anaweza kusimama popote."

Ningependa kuandika kwamba nilimwelewa papo hapo. Sikumwelewa. Niliuchukua mkasi nikaufuta manyoya, nikasema maneno machache makavu kuhusu watu wanaoshika vitu visivyo vyao, nikaingia ndani. Kupitia dirishani nilimwona akikusanya manyoya kwenye ungo, akachimba shimo nyuma ya choo akayafukia, kwa sababu hawezi kulala na uchafu uani.

Asubuhi nilifikiria kutokwenda. Jogoo wa Kochini bila manyoya miguuni ni kama bibi harusi aliyekuja na malapa. Lakini mama alikuwa ameshavaa. Alikuwa hajawahi kuja kuona kitu changu chochote, si mahafali ya ushonaji, si ufunguzi wa kibanda, na sasa alikuwa amesimama mlangoni, baibui jeusi limepigwa pasi, miguu yake mwenyewe kama imetoka kununuliwa. Nikabeba tenga.

Uwanjani kulikuwa na maturubai, muziki mkubwa usiohusiana na mifugo, na viti vyenye vitambaa vyeupe kwa ajili ya mgeni rasmi, kiongozi fulani ambaye naye aliheshimu ratiba kama viongozi wote. Tulimsubiri. Kuku nao walimsubiri. Kuku wa kisasa wa nyama, wale wanaokua haraka mpaka miguu inawashinda, walikuwa wamelala kwenye matenga yao midomo wazi, wanahema kwa joto.

Jaji alikuwa bwana mifugo kutoka mbali, koti jeupe, kalamu tatu mfukoni. Alifika kwetu, akasoma kadi.

"Kuchi, dume." Akamtazama jogoo. "Lakini huyu si kuchi."

Moyo wangu uliruka. Nikasema, "Ndiyo, mtaalamu. Huyu ni Kochini."

"Ndiyo, mama. Si kuchi." Akamnyanyua kwa mikono miwili, akambonyeza kifua, akambonyeza mapaja. Jogoo akamwachia mwili wote, maana hakuna kitu anachopenda kama kubebwa. "Mzito. Mtulivu. Miguu misafi."

"Umesikia?" mama akaninong'oneza kwa nyuma. "Miguu misafi."

Nikaeleza. Nikasema ni kuku wa mapambo, anafugwa kwa uzuri, kwa asili ana manyoya mpaka vidoleni. Bwana mifugo akaiinua ile miguu ya njano iliyopakwa mafuta, akaitazama mbele na nyuma.

"Manyoya yako wapi, mama?"

Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatazama milima ya Usambara kana kwamba imewekwa pale jana.

"Yamenyolewa," nikasema.

Bwana mifugo alicheka kwa adabu, kama mtu anayemwacha mgonjwa apumzike, akamwambia msaidizi wake, "Huyu mpeleke kwenye kuku wa nyama." Na kwa kuwa kuku wa nyama wengine wote walikuwa hoi kwa joto, wangu alikuwa mshiriki pekee aliyesimama kwa miguu yake. Alishinda. Nilikuja kutafuta mtu wa kumjua, nikapata mtu wa kumpima nyama.

Mshereheshaji alitangaza kwa sauti ya kuuzia dawa ya panya: mshindi wa kuku wa nyama, mama kutoka Handeni! Nikaenda mbele huku nikipigiwa makofi, nikakabidhiwa zawadi. Ilikuwa sufuria. Kubwa, na mfuniko wake. Sijawahi kupewa zawadi inayojieleza vizuri kama ile.

Nilikuwa nageuka nirudi kwenye kiti changu, mshereheshaji akasema, "Usiondoke, mama! Kama ilivyo ada yetu, mshindi wetu sasa atamkabidhi mgeni rasmi jogoo wake, akapate kitoweo!"

Ninyi mnaosoma mnashangaa nini? Mtu mzima mimi, nimehudhuria mahafali, uzinduzi wa visima, ufunguzi wa madarasa, na sijawahi kuona mgeni rasmi akaondoka bila jogoo. Ni picha moja ile ile kila mahali, kiongozi kashika jogoo kwa mabawa, wote wawili wanatazama kamera. Nilijua ada hiyo tangu sijaota meno. Sikuwahi tu kuitazama kwa upande wa jogoo.

Na kukataa haiwezekani. Ukimnyima mgeni rasmi zawadi mbele ya umma, si wewe tu uliyeaibika, ni kikundi kizima, ni kijiji, ni mama yako aliyekuzaa. Nilisimama na sufuria mkono mmoja, jogoo kwapani, yeye ametulia, kichwa kimelala kwenye mkono wangu. Nilianza kulia. Sikulia kidogo wala kwa siri. Nililia kwa kwikwi, mwanamke mwenye wajukuu, kwa ajili ya kuku.

"Machozi ya furaha hayo!" mshereheshaji akasema, na makofi yakaongezeka.

Mgeni rasmi alikuwa ameshasimama, mikono mbele, tabasamu tayari. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba nyumbani leo watafurahi, maana yeye ni mtu wa supu. Dereva wake alikuwa ameshafungua buti la gari.

Ndipo nilipomwona mama anatoka chini ya turubai. Hakukimbia, mama hakimbii mbele za watu. Alitembea katikati ya uwanja mpaka alipofika kati yangu na yule kiongozi, na yule kiongozi, ambaye kwa haki nampa sifa ya malezi mema, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye mama yake huyu." Kipaza sauti kilikuwa karibu, kikamchukua neno kwa neno. "Zawadi ni yako, hatukunyimi. Lakini mtu akipewa kitu aambiwe. Huyu si kuchi. Huyu ni Kochini."

Alilitamka sawasawa. Watu wote niliowafundisha jina lile, na aliyelishika alikuwa mama.

"Katokea Handeni," akaendelea, taratibu. "Amelelewa huko ndani, anaogeshwa, haliwi, hauzwi. Miguu yake alikuja nayo ina manyoya. Nimemnyoa mwenyewe jana, kwa mkono wangu. Na yale manyoya nimeyafukia nyuma ya nyumba. Basi mchukue, baba. Ila ningekuwa weye, nisingemchinja kwa mkono wangu."

Kila neno lilikuwa la kweli. Ungeweza kumwapisha mahali popote. Lakini kila mtu nchi hii anajua Handeni inasifiwa kwa nini. Ukisafiri ukasema unatoka Handeni, watu hucheka, halafu wanasogea kidogo. Wanasema tuna waganga wengi kuliko visima, na kuhusu visima wanasema kweli. Fundi wa muziki alizima muziki wake. Mgeni rasmi aliitazama miguu ya jogoo, ile mitupu inayong'aa mafuta, na mikono yake ikarudi yenyewe nyuma ya mgongo.

"Mama yangu," akasema, "zawadi nimeipokea kwa moyo wote. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa safari nyingi, naomba muendelee kunitunzia."

Akacheka. Wachache wakacheka naye. Dereva alilifunga buti kwa haraka ya mtu aliyemwona nyoka ndani. Tulipokuwa tunaondoka watu walitupisha njia pana kabisa, ningeweza kupita na ng'ombe.

Njiani nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye jiwe. Nilimwambia mama kwamba sijawahi kuona kitu kama kile maishani, kwamba uso wa yule bwana ulikuwa unastahili kuwekwa kwenye kalenda. Mama alikuwa amebeba sufuria kichwani. Alisubiri nimalize.

"Ni mimi niliyemtia kwenye nyama," akasema. "Ningemwacha na manyoya yake wangemcheka tu." Kisha akasema twende, jua kali. Hakucheka. Nilidhani amechoka.

Jogoo alirudi Handeni, suruali yake ikaanza kuota, na kabla ya mvua za vuli mtetea wa kitunguu alikuwa ameangua vifaranga wenye manyoya miguuni. Nilimpigia mama simu kumweleza. Akasema alhamdulillahi, akaniuliza kama wana miguu misafi, na hapo alicheka. Nikadhani mambo yote yamekwisha salama. Akaniambia kutakuwa na arusi kwa jirani yake, binti ambaye yeye mama alimpokea siku alipozaliwa, nije tusaidiane.

Inabidi niseme kwamba Kwamndolwa, upande ule wa kwetu, hakuna pilau la arusi lililowahi kupikwa bila mama yangu kusimama juu ya sufuria. Wengine huchambua mchele, wengine hukatakata nyama, lakini mwiko ni wake. Watu wametoka Mkumbara kuja kumwita. Ndicho kitu kimoja alichokuwa nacho ambacho akikishika hakuna aliyekumbuka alizaliwa wapi.

Tulifika mapema. Mama alikuwa amejifunga kanga kiunoni tayari. Wanawake walikuwa uani, majiko matatu makubwa ya mafiga yamewashwa, na walipotuona wakasimama wote. Wakamwamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, kwa heshima ambayo sijawahi kuiona. Mwenye shughuli akaja mbio na kiti. Si mkeka, kiti, cha plastiki, kipya. Akakiweka mbali na mafiga, kwenye kivuli.

"Mama, weye kaa hapa upumzike. Umeshatupikia vya kutosha."

"Nipeni hata mchele nichambue," mama akasema.

"Mchele umeshakwisha, mama."

Mchele ulikuwa pale pale, kwenye nyungo nne, wasichana wanauchambua. Wote waliinamisha vichwa. Mwanamke mmoja akausogeza ungo wake nyuma ya mgongo, taratibu, akidhani hatumwoni. Mwingine akaleta soda ya baridi, akaiweka kwenye kigoda kando ya mama badala ya kumpa mkononi, akarudi nyuma.

Hapo ndipo nilipoelewa. Anayetiliwa shaka ya mkono, yaani ya uchawi, haguswi kwa neno baya, kwetu tuna adabu. Anaheshimiwa mpaka asifike karibu na chakula. Na mama alikuwa amelijua hilo tangu pale uwanjani, kabla hajatoka chini ya turubai, hatua kwa hatua mpaka kwenye kipaza sauti.

Nilisimama. Nilitaka niwaambie wote, mkasi, suruali, ungo wa manyoya, mama yangu anayefukia manyoya kwa sababu ya usafi, tena niwaambie kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mama akanishika mkono.

"Kaa."

"Mama, niache niwaeleze."

"Ukishawaeleza, habari itamfikia mgeni rasmi. Naye alisema anatunziwa tu jogoo wake." Akanivuta chini. "Kaa, mwanangu. Kwanza nimechoka kuwapikia. Moshi unaniumiza macho."

Nikakaa chini karibu na kiti chake, nimeegemea goti lake, kama nilipokuwa mdogo. Alifungua soda akanywa kidogo. Macho yake hayakutoka kwenye sufuria la katikati. Walikaanga vitunguu, midomo yake ikacheza. Walitia nyama, walitia viungo, akatikisa kichwa polepole, sawa, sawa. Kisha msichana mmoja akaleta ndoo, akamimina maji, akamimina, akamimina tena. Mkono wa mama ulinikaza bega mpaka nikaumia.

Yalikuwa mengi mno. Mtu yeyote aliyewahi kupika angeona. Mama aliona, akafungua mdomo, akaufunga, akanywa soda yake.